Siku tatu Lushoto na mke wangu, sasa tutaongea nini?

Shangazi, habari za kazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 57, naishi Morogoro mjini na nina duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu mwaka jana. Tumeoana karibu miaka 30, watoto ni watatu. Wa mwisho amepata kazi Mwanza, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili na binti wa kazi, ambaye jioni naye anarudi kwao.

Nianze kwa kusema kwamba ndoa yetu haina tatizo, maana najua ukifungua barua za watu unatafuta mchepuko. Mimi sina, na yeye hana. Hatugombani. Asubuhi nafungua duka, jioni nafunga, naoga, nakula, halafu nakwenda barazani kwa jirani kucheza bao mpaka saa nne usiku.

Huyu jirani ni mtu wa pekee. Alifanya kazi reli, bao amejifunzia Tanga akiwa kijana, na anacheza kama mtu aliyezaliwa na kete mkononi. Anapanga mtaji wake kichwani huku anapiga soga, unadhani hayuko makini, kumbe ameshaona mbele kabisa. Akikula nyumba hacheki kwa sauti, anashika tu kikombe chake cha kahawa chungu na kutazama barabarani kama vile hajafanya kitu. Tumecheza naye tangu watoto wangu wako shule ya msingi. Alipolazwa mwaka juzi kwa ajili ya tezi dume, zile jioni zilinishinda kabisa, nikawa nalala saa mbili. Hata mke wake ni mtu mwema sana, anatuletea tangawizi bila kuombwa.

Mke wangu anapenda maua. Anayapanda kwenye ndoo tupu za rangi anazochukua dukani, na sasa yamejaa kibarazani kwetu mpaka pa kuweka kiti hakuna.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tatu, tukiwa tunakula, aliniambia, "Baba Neema, nataka twende Lushoto. Siku tatu. Mimi na wewe." Nikamuuliza kuna msiba wa nani. Akasema hakuna msiba. Nikauliza basi kuna mgonjwa. Akasema hakuna mgonjwa, anataka tu twende tukapumzike. Kikoba chao kilikuwa kimevunjwa, amepata gawio lake, hela ya safari anayo, na sweta ameshanunua mitumbani.

Mimi sikukataa. Nilisema tu kama mtu mwenye akili timamu kwamba milima tunayo hapahapa, Uluguru unaiona ukiwa uani unaanika nguo. Lakini kama ni lazima Lushoto, basi tufanye safari iwe na faida. Kwanza, twende na pikapu ya duka, nipande mpaka Shume nikaulize bei ya mbao. Pili, nina binamu Korogwe ambaye hatujaonana siku nyingi, tungelala kwake usiku mmoja na kuokoa hela ya chumba. Tatu, tumwombe jirani na mkewe twende nao, wanawake wapate kuongea yao na sisi tupate mtu wa kucheza naye. Isitoshe, mtu mzima kama mimi kuonekana mapokezi anaandikisha chumba na mwanamke, watu hawajui kama ni mke.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akakusanya vyombo, akasema, "Basi, acha." Tangu siku hiyo hajaitaja tena Lushoto. Hajanuna. Chakula kinapikwa, tunasalimiana vizuri. Lakini sweta lile nimeliona limekunjwa limewekwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Dada yangu mkubwa nilipomweleza alisema hizo ni tabia za Wazungu, watu wana nyumba yao nzuri wanakwenda kulipia kitanda cha watu. Kuna na geti langu linahitaji kubadilishwa.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia dada yangu wala mke wangu, na wewe nakuambia kwa sababu hunijui sura. Siku tatu, chumba kimoja, hakuna duka, hakuna baraza. Tutaongea nini? Hapa nyumbani tukishaongea umeme wa LUKU na watoto, tumemaliza. Je, kosa langu liko wapi hapo, na nifanye nini?

Mzee wa Kete, Morogoro

*

Mzee wa Kete, salama.

Nenda. Wawili tu, bila jirani, bila mbao. Ungekuwa mtu wa kuambiwa mara moja ningeishia hapo, lakini barua yako inaonyesha unapenda hoja, kwa hiyo tukae tuongee.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi. Jirani yako ningekutana naye kesho stendi ya Msamvu ningemtambua. Najua bao alijifunzia wapi, kahawa anaipenda ya namna gani, akikula nyumba anatazama wapi na alilazwa kwa ugonjwa gani. Mkeo najua anapenda maua. Maua gani, kaka? Waridi? Asumini? Yanayochanua au ya majani tu? Miche anaitoa wapi, anaomba kwa majirani au ananunua kandokando ya barabara? Kwa nini ameanza kuyapanda kwa wingi hivyo, na je, yaliongezeka kabla au baada ya yule mtoto wa mwisho kwenda Mwanza? Ndoo zinatoka dukani kwako moja baada ya nyingine na hujawahi kuuliza zinakwenda kupokea nini. Ukiniuliza kosa lako liko wapi, mimi naliona hapo. Pikapu na binamu vimekuja baadaye.

Na lile swali lako la "kuna msiba wa nani" limenichekesha, halafu likaniacha nimekaa kimya. Wewe si mtu wa ajabu. Wengi wetu tuliooana miaka mingi tumesafiri pamoja mara nyingi, lakini safari zenyewe ni za kuzika, kuozesha na kutazama wagonjwa. Mnapanda basi wawili, mnafika msibani, wewe unapelekwa kwenye turubai la wanaume na yeye anaingia ndani na kanga yake. Siku mbili hamuonani. Mnaonana tena kwenye basi la kurudi, mmechoka, mnalala. Kwa hesabu za namna hiyo mtu anaweza kusema ametembea nchi nzima na mke wake, na hajawahi kukaa naye meza moja nje ya nyumba yao. Mkeo ameishi miaka karibu 30 na safari za aina hiyo. Sasa amestaafu, hana daftari la kusahihisha, na ametamani safari ambayo mwisho wake hakuna jeneza wala sufuria la pilau la kukoroga.

Dada yako mwambie Shangazi anamsalimia. Hajakosea sana kuhusu Wazungu: Wajerumani walipokuwa wanatutawala walipanda huko Lushoto kukimbia joto la pwani, wakauita mji Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao. Lakini hewa ile haina mwenyewe. Nauli anayo mkeo, kikoba ni chake, na geti lako halikutajwa wakati wa kuvunja kikoba.

Sasa tuzipitie zile faida zako tatu. Wewe unaona ulikuwa unabana matumizi. Hebu zisikilize kwa sikio la mwanamke aliyekaa mezani. Amesema "mimi na wewe". Umemjibu: mimi, wewe na mbao; mimi, wewe na binamu; mimi, wewe, jirani na mke wa jirani. Kila ulipofungua mdomo ulimwongezea mtu wa kukaa katikati yenu. Hakuwa na haja ya kuuliza zaidi, akakusanya vyombo. Na usijidanganye kwa kuwa chakula kinapikwa. Mwalimu aliyezoea darasa la watoto wengi anajua kuacha jambo bila kupiga kelele.

Nisimtetee yeye kwa kila kitu. "Basi, acha" ni maneno mabaya katika nyumba. Angeweza kukuambia, "Sitaki jirani, nakutaka wewe," ukaelewa hata kama ni kwa aibu. Ninyi wawili mmezoeana kiasi kwamba kila mmoja anategemea mwenzake ajue bila kuambiwa. Hilo mtalifanyia kazi huko huko, na si kwa kikao.

Nije kwenye hofu yako, maana ndiyo iliyoandika barua hii. Unaogopa ukimya. Unadhani mtafika, mtaweka mabegi, mtatazamana, na maneno yatakwisha kabla chai haijapoa. Yanaweza kwisha kweli, usiku wa kwanza hasa. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, jua likizama baridi inawarudisha ndani mapema, na mtakuwa hamna mtu wa kumsalimia. Lakini fikiri jambo hili. Wewe kila jioni unatoka. Yeye kila jioni anabaki. Ukimya wa nyumba hiyo mkeo anaujua vizuri, ameukalia miaka kuanzia magharibi mpaka saa nne unapogonga mlango. Mgeni wa ukimya huo ni wewe. Kwa hiyo usiende ukidhani lazima umburudishe. Kaa nao kidogo, usikimbilie simu, na uone yeye anaufanyaje.

Halafu, nani amesema mnakwenda kuongea? Nendeni mkatembee. Watu wawili wakikaa ana kwa ana maneno yanaweza kukauka, lakini wakitembea bega kwa bega macho yanapata kazi na mdomo unafuata wenyewe. Kutoka mjini Lushoto mpaka Irente ni mwendo wa miguu kama saa moja na nusu kwa watu wa umri wenu wasio na haraka, unapita kwenye mashamba na nyumba za watu, watoto wanawaamkia njia nzima. Pale mwisho mwamba unakatika ghafla, na chini yako unaona tambarare ya Mazinde na nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yanachoka. Pana shamba la Irente pia, wanauza jibini, mkate na jamu wanazotengeneza wenyewe. Nunueni, kaeni kwenye nyasi, mle. Siku ya pili nendeni sokoni. Wewe mfanyabiashara utauliza bei za karoti na kabichi na kustaajabu faida ya wanaozipeleka Dar, na yeye utamkuta ameinama kwenye miche. Hapo ndipo pa kufungua mdomo na kuuliza: huu unaitwaje, unataka jua au kivuli? Swali moja la kweli litakupa maelezo ya kutosha mpaka chakula cha mchana. Walimu ndivyo walivyo.

Nikupe na la kuanzia, ulibebe kama akiba. Kuna ua dogo la zambarau, majani yake mazito yenye manyoya kama ya kitambaa, ambalo Ulaya na Marekani watu wanalilea kwenye vyungu madirishani. Asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitawala upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, likaenea dunia, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Porini liko zaidi upande wa Usambara Mashariki, kule Amani, kwa hiyo usimwahidi kwamba mtaliona Lushoto. Muulize tu kama analifahamu. Sishangai akikuambia ameshalisoma siku nyingi na alikuwa anatafuta wa kumsimulia.

Mengine ni ya safari. Nendeni kwa basi. Ukiendesha wewe, kutoka Mombo kupanda juu ni kilomita 30 na ushee za kona, macho yako yatakuwa kwenye usukani, na yale maporomoko ya Soni utayapita bila kuyaona. Kutoka kwenu mtashika Chalinze, Segera, Korogwe, ndipo Mombo. Kwenye basi mpe yeye dirisha. Korogwe msishuke wakati wa kwenda, hata binamu akisikia. Wakati wa kurudi mnaweza kumpelekea kapu la plamsi au mboga, mkanywa chai na kuondoka, lakini kulala mtalala kwenu.

Kuhusu mapokezi, hilo la aibu ya kuandikisha chumba ninalielewa kuliko unavyodhani, kwa sababu gesti kwetu zimechafuliwa jina. Usiende kutafuta chumba usiku ukiwa umeshika begi. Piga simu mapema, taja majina yenu yote mawili, mzee na mke wake. Lushoto kuna nyumba za wageni za heshima, nyingine ni za makanisa, wamezoea kupokea wastaafu, wachungaji na watu wa semina. Ulizia mambo mawili tu, maji ya moto na mablanketi ya kutosha. Kama mtakwenda mwezi wa sita au wa saba, blanketi moja halitoshi, na wewe sweta huna. Uliandika habari ya sweta lake, la kwako hukulitaja.

Na hapo ndipo nataka uanzie. Usimwendee na "haya, twende basi", kama mtu anayelipa faini. Nenda mitumbani mwenyewe, chagua sweta lako, lirudishe nyumbani na uliweke juu ya lile kabati, kando ya la kwake. Halafu usiku huo usiende barazani. Mwambie unataka mpange tarehe, na kwamba mbao na binamu umeviondoa. Jirani usimtaje kabisa, kwa sababu ukisema "hata jirani nimemwacha" itaonekana umemtolea sadaka. Akikuuliza kwa nini umebadilika, mwambie ile sentensi uliyoniandikia mimi ambaye sijui sura yako: naogopa tutakosa la kuongea. Hiyo ni sentensi nzuri. Nina hakika yeye pia aliifikiria kabla ya kununua sweta, akaamua kwenda hivyo hivyo.

Jirani mwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa mkewe. Mtu aliyekaa na wewe barazani miaka yote hiyo hatachukia, pengine atauliza tu mtarudi lini. Ubao wa bao uache nyumbani. Mkeo akitaka mwenyewe umfundishe, mashimo 32 hata ardhini yanachimbika, na kete mtaokota vijiwe.

Duka litakuwa na kijana wako. Wiki hii mkalishe chini, mwandikie bei za bati, misumari na saruji, mwonyeshe daftari la wadaiwa, na mpange wakati mmoja tu wa kupigiana simu, usiku baada ya kufunga. Za mchana usipokee.

Shangazi